Ardhi Iliyokufa ni Ipi? Mbono, Wakfu na Haki ya Jirani



Mwezi ujao wanachama wa jumuiya yetu wataulizwa maoni yao juu ya kipande cha ardhi ya wakfu kilichoko mteremkoni, si mbali na mji wa Gisenyi. Aliyekitoa alikusudia mapato yake yawasaidie mayatima na wanafunzi wasio na uwezo. Ni mahali pa mawe, udongo wake umeliwa na mvua, na kwa miaka mingi hapajaleta hata faranga moja. Sasa kuna pendekezo kwamba kikodishwe kwa watu watakaopanda mbono, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo na magari. Wenzetu wanaolitetea wana hoja moja nzito. Wanasema ardhi hiyo imekufa, haimlishi mtu, kwa hiyo hapana anayenyang'anywa chakula.

Sitaki kuidharau hoja hiyo. Anayeipinga kwa kusema tu kwamba chakula ni bora kuliko mafuta ya gari hajaijibu, kwa sababu wenye pendekezo wameshakubali kwamba chakula ni bora. Wanachosema ni kwamba hapa hatuchagui kati ya chakula na mafuta. Tunachagua kati ya mafuta na utupu. Kwa hiyo swali letu la kwanza haliwi swali la mafuta hata kidogo. Ni hili: ardhi iliyokufa ni ipi, na nani ana haki ya kutangaza kifo chake?

Tulichokwisha kuona Afrika Mashariki

Swali hili si geni. Mwaka 2008 bei ya pipa la mafuta ghafi ilipita dola 140, na mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukaweka sheria kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo visivyokwisha. Wawekezaji wakaja Afrika kutafuta ardhi. Mbono ukasifiwa kuliko mimea yote. Mti huu unastahimili ukame, ng'ombe na mbuzi hawaugusi kwa sababu una sumu, na karibu theluthi moja ya uzito wa mbegu yake ni mafuta. Waswahili wa pwani wanaufahamu tangu zamani kwa jina la mbono kaburi, kwa kuwa hupandwa kuzunguka makaburi na kando ya mipaka ya viwanja.

Hapa kwetu, mwaka 2009, serikali ilikubaliana na wawekezaji kutoka Marekani na Uingereza juu ya hekta 10,000 za mbono katika Jimbo la Mashariki, ambako mvua ni haba. Leo, ukisimama kituo cha mabasi Nyabugogo, hutaona basi linalotembea kwa mbono. Petroli na dizeli bado tunaziagiza kutoka nje, zinapita bandari za Dar es Salaam na Mombasa.

Tanzania mambo yalikwenda mbali zaidi. Kisarawe, magharibi ya Dar es Salaam, kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99, ardhi iliyokuwa ya vijiji zaidi ya kumi. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka na mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Wanakijiji walilalamika kwamba chanzo chao cha maji, misitu waliyokuwa wakipata kuni, na hata mahali walipozika wazee wao, vyote vilikuwa vimeingia ndani ya shamba. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilichukua ardhi kubwa zaidi, kiasi cha hekta 34,000, nayo ikafilisika mwaka 2010.

Angalia jambo moja katika sheria. Chini ya sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999, mwekezaji wa nje hawezi kupewa ardhi ya kijiji mpaka kwanza igeuzwe kuwa ardhi ya jumla, iliyo mikononi mwa serikali. Kampuni ikifa, ardhi hairudi yenyewe kwa wanakijiji. Tena sheria hiyo hiyo, inapoeleza ardhi ya jumla ni nini, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Neno hilo moja, "isiyotumika", ndilo mlango ambao hekta elfu nyingi zinaweza kupitia.

Na mti wenyewe? Mwaka 2009 Kenya ulifanyika utafiti mkubwa kwa wakulima waliokuwa wameshaupanda, ukiwahusisha wataalamu wa Kituo cha Kilimo Mseto Duniani kilichoko Nairobi na wa taasisi ya misitu ya Kenya. Walichokuta ni kwamba mbono unaishi kwenye ardhi mbovu, lakini hauzai vizuri kwenye ardhi mbovu. Ukitaka mbegu nyingi lazima uupe maji na mbolea, kama mahindi. Ushauri wao ukawa mkulima mdogo asiupande shambani. Aupande kama ua tu. Yaani wakarudi pale pale walipokuwa wazee wa pwani, mbono kando ya mpaka.

Safari haikuishia hapo. Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilianza kukamua mbegu Makueni, Kenya, hasa za mnyonyo, ule ambao sisi tunauita ikibonobono, na mafuta yake yanapelekwa kwenye kiwanda cha Gela, Sicilia. Maneno ni yale yale: ardhi iliyochakaa, isiyoshindana na chakula. Kwa hiyo pendekezo lililo mbele yetu halikutoka hewani, wala halitakuwa la mwisho.

Mafakihi walisema nini juu ya ardhi iliyokufa

Sisi Waislamu tuna mlango mzima wa fiqhi juu ya jambo hili, uitwao *ihyaa al-mawaat*, kuhuisha ardhi iliyokufa. Msingi wake ni mafundisho mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayeihuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo huwa yake. Ndugu mmoja kwenye jumuiya aliyatumia mafundisho hayo kutetea mbono, na nilifurahi, kwa sababu aliuleta mjadala mahali unapostahili. Lakini lazima tuusome mlango mzima, si kizingiti chake.

Kwanza, mafakihi hawakuiita ardhi kuwa imekufa kwa sababu tu mavuno yake ni haba. Walitaka isiwe na mwenyewe na isiwe inatumika kwa manufaa ya watu walio jirani nayo. Eneo linaloutumikia mji au kijiji waliliita *hariim*, na hariim haihuishwi na mtu kuwa yake, hata ikiwa haina mmea wala jengo. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha *Minhaaj* kimesomeshwa kwa karne nyingi katika madrasa za Kishafii za pwani yetu, anahesabu katika hariim ya kijiji baraza la watu kukutania, mahali ngamia wanapopigishwa magoti, na hata mahali pa kumwaga majivu. Ibn Qudama wa Damascus, katika madhehebu ya Hambali, anayaingiza malisho, mahali pa kuokotea kuni, njia, na mapito ya maji.

Yafikirie hayo majivu. Hapana ramani ya mwekezaji itakayoonyesha jaa la majivu kuwa ardhi inayotumika. Kwa mpimaji ni utupu. Kwa fakihi ni haki ya watu, maana kijiji kisicho na mahali pa kumwaga majivu yake kimebanwa koo.

Pili, walijiuliza ukaribu unapimwaje. Abu Yusuf, kadhi aliyemwandikia khalifa Haarun al-Rashid kitabu juu ya kodi na ardhi, alitoa kipimo ambacho mtoto anaweza kukitumia: simama mwisho wa nyumba za watu, piga kelele kwa sauti yako yote, pale ambapo sauti haisikiki tena, ndipo ardhi iliyokufa inapoweza kuanza. Si kipimo cha rutuba. Ni kipimo cha watu.

Sasa nchi yetu, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 13 na wastani wa watu 503 kwa kila kilomita ya mraba. Piga kelele popote katika wilaya ya Rubavu, kisha uniambie ni wapi ambapo hapana wa kukuitikia.

Tatu, hata aliyepewa ardhi na mtawala hana ruhusa ya kuizungushia mipaka na kuiacha. Mtume (s.a.w.) alimpa Bilal bin al-Haarith al-Muzani ardhi ya al-Aqiiq. Zama za Umar (r.a.) ilionekana kwamba sehemu kubwa hailimwi. Umar akamtaka abaki na anayoiweza na airudishe iliyobaki. Bilal alipokataa, Umar akaichukua isiyolimwa akawagawia Waislamu. Na ni kwa Umar pia kulikopokewa kwamba mwenye kuzungushia ardhi mipaka asiifanyie kazi kwa miaka mitatu, haki yake inakwisha. Linganisha miaka mitatu ya Umar na miaka 99 ya Kisarawe.

Hata hivyo lazima niwe mwadilifu. Fiqhi haikumkataza mtu kuhuisha ardhi kwa vibarua, wala haikusema lazima apande chakula. Mwenye mtaji akipata ardhi ambayo kweli haina mtu, akaihuisha kwa mbono au kwa mnyonyo, sioni mlango wa kumhukumu. Kwa hiyo mlango huu wa fiqhi hauupigi marufuku mmea. Unatulazimisha kuthibitisha kwamba ardhi imekufa kabla ya kuirithi.

Somo la Petite Barrière

Kuna mahali hapa kwetu panapofundisha kuona yale ambayo hesabu kubwa hazioni. Nazungumzia Petite Barrière, mpaka wa waenda kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka pale kila siku. Wengi ni akina mama wenye karai la nyanya kichwani, fungu la vitunguu, kabeji, galoni ya maziwa. Na ndugu zetu wenye ulemavu wakisukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa magunia. Mzigo wa kila mmoja ni mdogo mno. Ukimtazama mama mmoja, unaweza kuandika kwamba biashara hakuna. Machi 2020 mpaka ulipofungwa, ndipo miji miwili ikajua nani alikuwa akiilisha.

Na kati ya nchi mbili pana ukanda uitwao *zone neutre*. Kwenye karatasi, ni ardhi isiyo ya mtu. Lakini umeshalimwa na umeshajengwa, kwa sababu palipo na watu wengi wasio na ardhi, neno "isiyo ya mtu" halidumu hata msimu mmoja.

Nilikwenda kwenye kile kipande cha wakfu siku ya Jumamosi asubuhi, nikakaa mpaka adhuhuri. Nilitaka kujua kama kimekufa. Walipita watoto wanne na mbuzi. Alikuja mama mmoja na panga na kamba, akakata majani ya ng'ombe kwenye kingo za mawe. Nilimsalimia, nikamuuliza, "Mama, hapa munapalipia kwa nani?" Akacheka. "Mwanangu, hapa ni pa msikiti. Hatulipi, tunaomba dua." Alinieleza kwamba wapo akina mama sita au saba wanaokuja kwa zamu wasiyoiandika popote, na kwamba kiangazi, majani yakiisha kwenye mashamba, yeye hana pengine pa kwenda. Ng'ombe ni mmoja. Maziwa yake yanavuka Petite Barrière.

Hiyo ndiyo ardhi ambayo haijaleta faranga hata moja. Imeleta, lakini faranga hizo hazikupita kwenye daftari letu. Na niulize: waliokusudiwa na mtoa wakfu ni nani, kama si watu wa hali kama hii? Yawezekana wakfu huu umekuwa ukifanya kazi yake miaka yote bila sisi kuusimamia.

Hoja za upande wa pili

Mwenzangu anayesomea kilimo atanijibu kwamba kuuacha mteremko ule kama ulivyo si wema. Ana haki, na hoja yake inauma. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha milimani, mto Sebeya ukafurika, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130. Wengi wetu tulizika jamaa au majirani. Udongo uliojaa majumbani ulitoka kwenye miteremko iliyochoka. Msitu wa Gishwati, ambao zamani ulikuwa na kiasi cha hekta 28,000, ulibaki na takriban hekta 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya miradi ya mifugo na baada ya watu waliorudi kutoka uhamishoni kukosa pengine pa kuishi. Mteremko usio na mizizi ni hatari kwa walio bondeni. Mbuzi wa watoto wale na panga la mama yule nao wana sehemu yao katika kuuchosha.

Nakubali. Lakini kinachotoka katika hoja hiyo ni wajibu wa kupanda mizizi, si wajibu wa kupanda mafuta. Ikiwa nia ni kushika udongo, tuchague mmea kwa kipimo hicho: majani ya tembo kwenye kingo, miti ya kienyeji, matuta. Hayo yanashika udongo na ng'ombe anakula. Mbono nao unashika udongo, lakini ng'ombe haulei. Hata mashudu yake ni sumu kwa mifugo, hufaa mbolea tu. Anayechukua hoja ya mafuriko akaitumia kuuzia mbono amebadilisha bidhaa njiani.

Hoja ya pili ni ya pesa. Mayatima hawali majani. Kodi, hata ikiwa ndogo, italipa karo. Hii pia ni kweli, na mimi mwenyewe ninasoma kwa msaada. Ila tuwaze hadi mwisho. Mkodishaji anatarajia faida itoke wapi? Kama ardhi itabaki mbovu, mbegu zitakuwa chache, ataondoka, na tutabaki na miti yenye sumu pamoja na akina mama waliokwisha kufukuzwa. Kama ataitia mbolea na kuikinga na mmomonyoko, basi ardhi itapona. Na ikipona, haitakuwa tena ardhi mbovu, na hoja iliyoifungulia mlango itakuwa imekufa. Tutamwambia nini jirani mwenye njaa siku hiyo, kwamba ardhi hii yenye rutuba ni ya magari kwa sababu zamani ilikuwa haina rutuba? Hii ndiyo kasoro iliyomo ndani ya pendekezo lenyewe: likishindwa ni hasara, na likifaulu limepoteza uhalali wake.

Hoja ya tatu ni ya hali ya hewa. Ulimwengu unachomwa na mafuta ya ardhini, na lazima watu wapate moto kutoka kwingine. Hapa nakumbuka mafundisho mengine ya Mtume (s.a.w.), kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni wengine walifahamu moto hapo kwa maana ya kuni zinazouwasha. Tazama jinsi pendekezo hili linavyovigusa vyote vitatu kwa mpigo mmoja. Linachukua malisho na kuni za walio karibu ili kupata moto wa walio mbali. Goma na Gisenyi zinahitaji moto. Makala yanayopikiwa Goma kwa miaka mingi yametoka kwenye hifadhi ya Virunga, na watu wameuawa kwa ajili yake. Lau mwenye kukodi angesema mbegu zitakamuliwa hapa hapa, ziwashe taa na majiko ya majirani wa kipande kile, ningeanza kusikiliza kwa sikio jingine. Mpaka sasa hajasema hivyo.

Tuulize kabla ya kupiga kura

Kwa hiyo nawaomba wanachama tusipige kura ya ndiyo au hapana juu ya mbono. Tupige kura juu ya masharti, na masharti ninayoyapendekeza ni haya.

Ardhi isihesabiwe kuwa imekufa kwa ramani wala kwa daftari la hazina. Watu watatu kati yetu, wakiwemo dada, wakae pale siku saba za kiangazi na siku saba za masika, waandike kila anayepita na anachochukua. Wanaoitumia waitwe kwenye kikao na waseme kwa vinywa vyao, mbele yetu. Kile wanachokitegemea kihesabiwe kuwa hariim, kisikodishwe kwa yeyote. Kitakachobaki, kikodishwe kwa muda mfupi, na asiyekifanyia kazi miaka mitatu kimtoke, kama alivyohukumu Umar. Mbono ukitakiwa, uwe ua wa mpakani, pale wazee walipouweka kwa akili yao. Na kabla ya yote, kingo zipandwe majani, kwa mikono yetu wenyewe siku za likizo, ili walio bondeni Sebeya nao wawe na haki katika wakfu huu.

Wapo watakaosema huku ni kuchelewesha jambo kwa ajili ya mama saba na mbuzi wachache. Mimi nasema mama saba ndio kipimo. Ardhi hufa mara moja kwa mvua, na mara ya pili kwa kalamu ya mtu aliyeandika kwamba hapana anayeitumia. Kifo cha kwanza kina dawa. Majani, matuta na subira huiponya. Cha pili hatuna dawa yake, kwa sababu walioijua ardhi hiyo ikiwa hai wanakuwa wameshaondolewa.

Wallahu a'lam.